Sifuri Nayo Huandikwa

Maji yakishakupwa tunateremka Tongoni
na mraba wa bomba la plastiki, mita kwa mita,
daftari lililovikwa nailoni,
na kichupa cha rangi ya kucha
nilichomnyang'anya mjukuu wangu Mwanamvua.

Kazi yenyewe ndiyo hii: kutupa mraba topeni,
kupiga magoti, kuhesabu tondo.
Tondo, ndiyo. Yule yule mweusi, mrefu kama pembe ya mbuzi,
tuliyekuwa tukimponda kwa jiwe na kumtia kwenye ndoana
bila hata kumtazama usoni.
Ana uso. Hilda alinionyesha kwa kioo chake cha kukuzia:
pua ndefu, na macho mawili yenye haya.

Hapa palikuwa na bwawa la chumvi.
Nasema palikuwa, kana kwamba lilijichimba.
Marehemu mume wangu, Mbaruku, alikata mikandaa kwa shoka,
mimi nikabeba udongo wa ukuta kichwani,
karai baada ya karai, nina mimba ya Saumu.
Chumvi tukaila, tukaiuza, ikaisha.
Bei ilipoanguka tukaacha jangwa jeupe
lililopasuka kama kisigino.

Mwaka wa kwanza tulipanda miche elfu mbili.
Wakaja wageni, tukapigwa picha, tukapewa soda.
Ikafa yote.

Hilda Shemweta hakumpiga mtu picha.
Alikuja na koleo, akauliza: zamani maji yalipita wapi?
Nikamwonyesha. Nani mwingine angejua?
Ukuta nilioujenga kwa shingo yangu
nikaubomoa kwa mikono yangu, mahali patatu,
na bahari ikaingia polepole, kama mke aliyesusa
anayerudi kuchukua nguo zake tu.

Kisha tukahesabu.
Mraba wa kwanza: hamna. Wa pili: hamna.
Wa thelathini: hamna, na kiuno kinaniwaka moto.
Mwanamvua, wa darasa la tano, akaninong'oneza:
"Bibi, tuandike hata mmoja, dada asivunjike moyo."
Dada alisikia. Akasema, sifuri nayo huandikwa.
Msiache nafasi wazi.
Nafasi wazi ni mtu ambaye hakwenda.

Miezi kumi na minne niliandika sifuri.
Nilizichora vizuri, za mviringo, kama mayai,
nikidhani labda moja litaanguliwa.

Masika yalipopita, mchu ukaota wenyewe,
hatukuupanda, hatukuuombea.
Maji yakaleta majani kutoka msitu wa ng'ambo,
na chini ya jani moja la manjano
walikuwa tisa, wameling'ang'ania, wanakula,
kwa sauti ndogo ya mtu anayekwangua ukoko usiku
asiwaamshe wenzake.
Sikupiga kelele. Niliandika tisa.
Mkono ulitetemeka, ikawa kama nne,
nikaifuta, nikaiandika upya.

Sasa wamepita mia mbili. Tunawapaka nambari mgongoni,
nyekundu, na Mwanamvua ameshanisamehe kichupa.
Wa thelathini na saba ndiye wangu, msiniulize kwa nini.
Mara nne nimemkuta, mara nne palepale,
penye ukuta ulipobomoka, kama bawabu.

Bamvua la juzi nilimwona anakwenda mbio.
Tondo haendi mbio. Nikamgeuza:
miguu, gando, vijicho vya kunisuta.
Kaa mdogo, mpangaji,
ameingia nyumba ya marehemu bila hodi
na nambari yangu ingali mlangoni.

Fomu ina safu mbili: hai, amekufa.
Nilisimama nimeshika kalamu
hadi maji yakanilamba magoti.
Nikampigia Hilda. Akanyamaza kidogo, halafu akasema:
andika amekufa,
huyo mwingine mtie kwenye maelezo.

Nimeandika. Amekufa.
Na kwenye maelezo, kwa mwandiko wangu wa ngumbaru:
nyumba ina mtu.